Kapela ya Mwinjilisti Nicolas

Mama Kaswera aliijua Biblia yote, toka Mwanzo mpaka Ufunuo. Alisema hivyo kwa sauti, amekaa nyuma ya mafungu yake ya sombe, majani ya mihogo, katika soko dogo la Nyakasanza. Wanawake wageni, wale waliofika mjini pamoja na vita, walipoanza kumtazama kwa heshima, akaongeza mwenyewe:

"Mwanzo na Ufunuo, ndiyo. Ile ya katikati niliachia bwana yangu."

Wakacheka, wakanunua sombe. Na kweli bwana yake, Muzee Nicolas, alikuwa na hiyo ya katikati yote kichwani, kwa sababu alikuwa mwinjilisti.

Hapa inafaa tusimame kidogo, maana Bunia ya mwaka ule wa 2003 neno hilo lilikuwa limepotea njia kama watu wenyewe. Wainjilisti walikuwa wengi kuliko nzi wa soko la samaki. Kijana anaota ndoto siku ya Alhamisi, Jumapili amevaa kravati, ameshika megafoni, na jina lake limerefuka. Jirani yao Gauthier alikuwa fundi wa redio. Redio zote za mtaa zilipoporwa, akabaki na bisibisi mkononi bila kazi, na asubuhi moja akaamka akiitwa Evanjelisti Gauthier. Wa kwanza kumwita hivyo alikuwa yeye mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sauti nzuri na njaa.

Lakini huko alikotoka Nicolas, njia ya Aveba, mwinjilisti ni kazi kama kupasua mbao. Ni yule mtu ambaye pasta anamwacha nyuma. Pasta ana kapela nyingi, makanisa madogo ya vijijini. Anakuja na pikipiki kama mvua imekubali, anabatiza, anagawa meza ya Bwana, anakula kuku, anaenda zake. Anayebaki ni mwinjilisti. Ndiye anafagia kapela, ndiye anagonga ile rimu ya gari iliyotundikwa pale badala ya kengele. Anakaa na wagonjwa, anazika wafu, anatenganisha mtu na mke wake wakianza kurushiana sufuria. Kuku ikibaki miguu, anakula miguu. Na mke wake anaacha kuwa na jina: anaitwa Mama Mwinjilisti mpaka siku ya kufa, hata kama katika Biblia anajua ncha mbili tu.

Gauthier alikuja siku moja kuomba sombe, akakaa kwenye kiti kama mtu aliyefika kwa wenzake.

"Papa Nicolas, siye babili tuko na kazi moja."

"Muzuri sana," Nicolas akasema. "Kapela yako iko wapi?"

"Mi niko mwinjilisti ya mataifa yote."

"Aa. Basi mataifa yote ikishikwa na homa, inagonga mulango gani?"

Gauthier akacheka mpaka akakohoa, akachukua sombe yake, akaenda. Nicolas hakucheka. Alibaki anautazama mlango wa kile chumba walichopewa uani kwa watu, mlango wa bati na kamba ya kufungia.

"Hata mi," akamwambia mke wake, "hapa hakuna mutu anagonga."

Mama Kaswera akaendelea kutwanga.

Walikuwa wamefika Bunia mwaka uliotangulia, kwa miguu, na godoro kichwani. Kwenye barieri moja kijana mwenye bunduki aliwauliza swali lile ambalo siku zile lilitosha kumpeleka mtu shimoni: "Muzee, weye kabila gani?"

"Mwinjilisti," Nicolas akajibu.

"Nimekuuliza kabila!"

"Na mi nimekujibu."

Yule kijana akamtazama, akatazama viatu vyake vilivyokuwa vimefunguka mdomo, akainua ule mti uliofunga njia. Labda aliwahi kuimba katika kapela fulani akiwa mtoto. Mama Kaswera hakutaka kujua. Alijua jambo moja tu: kijana wa namna ile, barieri nzima haina wawili, na bwana yake asirudi tena kwenye njia ile. Mguu wa kushoto wa mzee ulikuwa umekufa nusu. Moyo, daktari alisema, ufanyiwe pole.

Ndipo pale sokoni mwanamke mmoja wa kuuza chumvi, anayefika mpaka kwao, alipomwambia kwamba kapela yao imechomwa. Imebaki ukuta mmoja. Watu wametawanyika, hakuna anayejua wapi. Mama Kaswera alishukuru kwa habari, akarudi nyumbani, akaanza kutwanga sombe, akaitwanga mpaka ikawa maji.

Alikuwa anafikiri. Kama Nicolas akisikia kwamba watu wake wamebaki bila mtu, atachukua fimbo aende. Akisikia kapela imechomwa, ataenda vilevile, kuhesabu makaburi. Kwa yule mzee neno mwinjilisti lilikuwa na maana moja, asiyeondoka, na kila siku aliyolala Bunia alijiona kama mtu aliyetoroka kazi.

Basi akaingia ndani, akajipangusa mikono.

"Nimepata habari ya kwetu," akasema. "Batu banakusalimia. Rémy ndiye anachunga kapela."

"Rémy?" Nicolas akainua kichwa. "Ile mwenye kuimbisha? Si anashikwa na kigugumizi?"

"Akihubiri hashikwi."

Kwa mara ya kwanza tangu wafike mjini, mzee akaomba chakula mwenyewe.

Unafikiri mwanamke ataacha hapo? Kila aliporudi kutoka soko alileta habari nyingine, na habari alizitunga akiwa anatwanga, kwa hiyo sombe ya siku zile ilikuwa laini sana na wateja waliisifu. Mbuzi aliingia kapela katikati ya maombi, akala maua ya ndoa. Waimbaji walikosana kwa ajili ya ngoma mpya, Rémy akawapatanisha. Wachimba dhahabu wa mtoni, ambao zamani walikuja kapela kukwepa jua tu, sasa walikaa mpaka mwisho. Nicolas alicheka mpaka akashika mbavu. Aliuliza habari ya huyu na yule, naye Mama Kaswera akaponya wagonjwa, akaoza mabinti, akazalisha ng'ombe. Risasi zilikuwa zinalia upande wa pili wa mji, mabati ya jirani yametobolewa kama chujio, na hawa wawili wamekaa chini ukutani wanajadili kama mwenye yule mbuzi alipaswa kulipa yale maua.

Ubaya wake ni kwamba aliupika uongo mtamu kupita kiasi.

Pasaka ilipopita, na mji ukatulia kidogo, Nicolas akaamka siku moja na uso wa kijana.

"Batu ya chumvi banashuka Aveba siku ya kwanza ya mwezi," akasema. "Nimesema nao. Naenda nao."

"Kufanya nini?"

"Rémy amechoka. Ni mutoto, amefanya kazi ya mutu mukubwa peke yake. Naenda kumusaidia. Kisha nataka kuona ile ngoma."

Siku ileile kapela ikapata matatizo. Mama Kaswera akarudi kutoka sokoni na habari kwamba njia imeharibika, barieri zimezidi, Rémy mwenyewe ana malaria.

"Unaona?" Nicolas akasema, akaanza kushona mdomo wa kiatu. "Amechoka. Nilikuambia."

Mke wake akamponya Rémy jioni ileile. Haikusaidia. Rémy akiwa mgonjwa, mzee anakwenda kumtunza; akiwa mzima, anakwenda kumpongeza. Mama Kaswera alitafuta mlango wa kutokea katika uongo wake mwenyewe, akakuta ameujenga vizuri, hauna mlango.

Siku moja kabla ya safari, alikuwa sokoni anafunga sombe bila kuangalia anachofunga, aliposikia: "Mama Mwinjilisti!"

Hakuna mtu Bunia aliyemwita hivyo. Akageuka. Alikuwa Assani, mchimba dhahabu wa ule mto wa chini ya kapela. Assani ni Mwislamu, watu wake walitoka mbali, lakini kila Jumapili alikuwa anakaa kwenye gogo nje ya kapela kusikiliza nyimbo, na akisafiri, karai lake la kuoshea dhahabu alimwachia Mwinjilisti, maana ndugu zake mwenyewe hakuwaamini. Sasa alikuwa amekonda, ameshika mdomo kwa mkono, machozi yanapita kwenye vidole.

"Muko bazima? Mama, muko bazima! Mwinjilisti iko?"

"Iko, iko. Usilie hapa, utaharibu sombe. Sikiliza."

"Mama, batu yote—"

"Nyamaza, Assani. Jifunze kwanza." Akamvuta nyuma ya kibanda. "Ukifika nyumbani, kapela iko. Haikuchomwa. Umesikia? Rémy anaichunga. Rémy amekutuma: Mwinjilisti asije, njia ni mubaya, apumuzike, kazi inaenda."

"Lakini Mama, siye tuko—"

"Kesho anaenda Aveba na mguu moja! Unataka afe barieri? Sema: kapela iko."

"Kapela iko," Assani akasema.

"Nani anachunga?"

"Rémy."

"Mutoto muzuri. Twende."

Nicolas alipomwona alisimama bila fimbo. Walishikana mikono kwa muda mrefu, wakaulizana habari za mwili, za nyumba, za mwili tena. Mama Kaswera akaleta chai isiyo na sukari, akakaa karibu sana na Assani, kama mwalimu wa shule ya primaire anayemsimamia mtoto ubaoni.

"Unatoka kule?" Nicolas akauliza.

"Natoka kule, Muzee. Kapela iko." Ilimtoka haraka kuliko swali. "Rémy anachunga. Anasema upumuzike. Njia ni mubaya, kazi inaenda."

"Kazi inaenda namna gani?"

Assani akamtazama Mama Kaswera. Hapo hakuwa amefundishwa.

"Inaenda mbio, Muzee."

"Na Pasaka? Pasaka ilikuwa aje?"

Sasa Assani alimpenda yule mzee. Aliona vile macho yake yanangoja, kama mtu mwenye kiu anavyotazama mkono ulioshika kikombe, akaona ni aibu kumpa kidogo.

"Pasaka!" akasema. "Muzee, Pasaka ilikuwa kubwa. Batu balijaa mpaka ku gogo yangu, nilikosa fasi ya kukaa. Rémy akahubiri, bamama bakalia. Kisha akagawa meza."

Mama Kaswera akamkanyaga mguu. Assani akadhani anahimizwa.

"Mukate, divai, kila mutu! Rémy mwenyewe, na mikono yake. Na akishamaliza akashuka nao mutoni, akabatiza batu mingi, mingi sana, mpaka siye ya dhahabu tuliacha kazi, maji ilichafuka."

Nje Gauthier alikuwa anapita na megafoni yake, anayaita mataifa.

Nicolas aliweka kikombe chini polepole.

"Assani."

"Ndiyo, Muzee."

"Weye ni Muislamu. Hapana kosa yako."

Halafu akageuza shingo kwa mke wake, naye Mama Kaswera akapata kazi ya haraka sana ya kuondoa uchafu kwenye kitambaa chake, ingawa uchafu haukuwapo.

"Kaswera. Miaka yote ile ya kapela, nilisha kugusa ile mukate kugawia batu?"

"Hapana."

"Mama yangu alipokuwa anakufa, akaomba meza, nilifanya nini?"

Mama Kaswera alikuwa hataki kujibu hilo. "Ulipanda kinga, ile baiskeli yako," akasema mwisho, "ukaenda kutafuta pasta kwa mvua."

"Nikarudi naye?"

"Ukarudi naye. Mama alikuwa amekwisha."

"Mukate ilikuwa ndani ya nyumba. Ndani ya sanduku, nyuma ya kitanda yake. Na singegusa, kwa sababu mi mwinjilisti, mikono yangu haikuwekewa ile kazi." Sauti yake haikupanda. "Rémy ndiye alikuwa nyuma yangu ku kinga siku ile. Nilimufundisha mi mwenyewe. Rémy anaweza kuiba mahindi. Kugawa meza, hawezi." Akamwangalia Assani. "Kapela iko?"

Assani akatazama miguu yake, ule mmoja ukiwa bado chini ya kisigino cha Mama Kaswera.

"Hapana, Muzee. Ilichomwa, kabla ya Noeli."

Mama Kaswera akatoa kisigino. Akangoja mzee aanguke, au ashike fimbo. Moyo wake mwenyewe ndio ulikuwa unahitaji kufanyiwa pole. Nicolas hakushika kitu. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza wimbo anaoujua.

"Na batu?"

"Nilitaka kumuambia Mama toka soko, alinikatalia." Assani sasa alisema kwa mkupuo. "Batu bako hapa, Muzee. Hapa Bunia! Ku kambi, pembeni ya uwanja wa ndege, chini ya mabashi ya plastiki. Hapana bote, lakini mingi. Rémy iko, anaimbisha batoto. Banasema weye ulikufa njiani. Kila Yenga, kila Jumapili, bakimaliza kuimba, banaulizana Mwinjilisti alilala wapi, ili siku moja baende kuweka alama pale."

Kutoka Nyakasanza mpaka uwanja wa ndege, hata mtu wa mguu mmoja anafika kabla jua halijawa kali. Mama Kaswera alikuwa hajawahi kwenda upande ule, aliogopa. Miezi yote ile alikuwa anawatungia mbuzi na harusi watu ambao walikuwa pale, wamelala chini ya plastiki, wanamlilia bwana yake. Akafungua mdomo aseme jambo la kuchekesha, maana huo ndio ulikuwa mkono wake wa kulia. Halikuja.

"Nani anazika batu yao?" Nicolas akauliza.

"Banazikana tu. Bakati ingine benye megafoni banakuya, banalia sana, kisha banaenda."

"Banaenda," Nicolas akarudia.

Akanyoosha mkono akachukua kile kiatu alichokuwa ameshona kwa ajili ya Aveba, akakagua uzi.

"Pitia kwa batu ya chumvi," akamwambia Assani. "Baende bila mimi. Huko sina mutu. Kesho asubuhi unakuya kunichukua, unanionyesha hema ya Rémy. Na leo hii usiseme kitu kule kambi. Batadhani umekunywa."

Assani akacheka na kulia pamoja, akambusu mzee mkono, akatoka mbio kama mtu anayeogopa kuongezewa somo jingine.

Wakabaki wawili. Mama Kaswera alikusanya vikombe, akavirudisha chini, akavikusanya tena.

"Unakasirika," akasema.

"Hapana."

"Ungekufa ku ile njia."

"Ningekufa. Najua." Nicolas akapigapiga kwa kiganja pale mkekani, pale mke wake anapokaa kila siku akileta habari, naye akaja akakaa, bega kwa bega. "Ile mbuzi ilinifurahisha. Sijui kama ningefika mpaka sasa bila ile mbuzi."

Mama Kaswera akavuta pumzi. Aliona amesamehewa, na kwa mwanamke wa namna yake hiyo ni hatari, maana ulimi ulirudiwa na nguvu saa ileile.

"Lakini yote haikuwa uongo," akasema. "Usifikiri hivyo. Salamu zingine zilikuwa za kweli."

"Za nani?"

"Za Clémence. Clémence ya mutoni, mwenye shamba ya mihogo. Ile aliituma yeye mwenyewe, nilimuona na macho, wiki jana. Aliniambia: salimia Mwinjilisti sana, mwambie mihogo imekomaa."

Nicolas akainua kikombe chake, akamaliza chai yote iliyopoa, bila haraka.

"Clémence ya mutoni," akasema, "nilimuzika mi mwenyewe, mwaka moja kabla ya vita. Na wimbo ulianzisha weye."